Swali litangulie sheria

Kila asubuhi Bunge linapokutana Dodoma, dua ikishasomwa, maswali ndiyo hutangulia. Mbunge husimama, hutaja namba ya swali lake, na Naibu Waziri huinuka kulijibu kwa niaba ya Waziri. Yanayoulizwa tunayajua: lini daraja litajengwa, lini zahanati itapata mganga, lini umeme utafika kijijini, lini waliopisha mradi watalipwa fidia. Ni maswali halali, na mbunge asiyeyauliza atakuwa amewasahau waliomtuma. Hata sheria huulizwa, ila mara nyingi kinachoulizwa ni tarehe. Tangu Mahakama ya Rufani ilipotoa uamuzi wake Oktoba 2019 kuhusu umri wa kuolewa katika Sheria ya Ndoa ya 1971, Serikali imeulizwa tena na tena lini italeta marekebisho, na jibu limekuwa kwamba mchakato unaendelea. Linalokosekana ni swali la aina nyingine, lile linalomtaka waziri aeleze kilichomo ndani ya sheria anayokusudia kuileta: nani ataibeba gharama yake, nini kimeachwa bila kuandikwa, nani aliulizwa maoni akasema nini, na kwa nini iletwe sasa. Hoja yangu ni kwamba swali hilo ndilo lenye thamani kubwa kuliko yote ambayo mbunge anaweza kuiuliza Serikali, na kwamba tumelipa gharama isiyo ya lazima kwa kutolipatia nafasi ya kudumu katika ratiba ya Bunge.

Katiba haijatunyima nafasi hiyo. Ibara ya 63 inalitaja Bunge kuwa chombo kikuu cha Jamhuri ya Muungano chenye madaraka, kwa niaba ya wananchi, ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Na ibara hiyo hiyo inapoorodhesha njia za kutekeleza madaraka hayo, ya kwanza kutajwa ni kumwuliza waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Kutunga sheria kumo katika orodha hiyo, lakini swali limetajwa kwanza. Mpangilio huo una maana. Mtu hawezi kuidhinisha jambo ambalo hajaliuliza, na Bunge linalopiga kura ya ndiyo kabla ya kupata majibu limeazima akili ya Serikali badala ya kutumia ya kwake. Tena sisi tuna wepesi ambao wenzetu wengine hawana. Mawaziri wetu ni wabunge, wanakaa ukumbini, wanasikia kila neno. Kenya, baada ya Katiba ya 2010 kuwatoa mawaziri bungeni, ilikaa miaka mingi ikitafuta namna ya kuwarudisha ukumbini wajibu maswali, mpaka kanuni zao zikabadilishwa. Kwetu mhusika yuko mbele ya Kiti kila siku. Tumekosa tu mazoea ya kumwuliza jambo hili kwa wakati unaofaa.

Tuanze na tozo ya miamala ya simu, kwa kuwa iligusa mfuko wa karibu kila mtu. Hotuba ya bajeti ilisomwa tarehe 10 Juni 2021. Ndani yake ilikuwamo tozo mpya kwa kila muamala wa kutuma au kutoa pesa, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi cha fedha. Muswada wa Sheria ya Fedha ukapitishwa mwishoni mwa mwezi huo, na tozo ikaanza kukatwa tarehe 15 Julai. Kutoka siku wananchi waliposikia habari hiyo kwa mara ya kwanza hadi siku ilipoanza kuwakata zilipita siku 35. Kilio kilichofuata kilikuwa kikubwa kiasi kwamba kabla Julai haijaisha Serikali ilishaanza kuipitia upya. Septemba 2021 viwango vikashushwa kwa asilimia 30, kwa hiyo cha juu kikawa shilingi 7,000. Mwaka uliofuata kikashushwa hadi 4,000, na Septemba 2022 Serikali ikatangaza punguzo jingine pamoja na kufutwa kwa baadhi ya tozo.

Tusidanganyane kuhusu lengo la tozo hiyo. Fedha zilikusudiwa kujenga vituo vya afya na madarasa, na mahitaji hayo ni ya kweli. Lakini lengo zuri halijibu swali la njia. Je, mama anayemtumia mwanawe shuleni shilingi 20,000 atakatwa mara ngapi, yeye anapotuma na mtoto anapotoa, ukijumlisha ada ya kampuni ya simu ambayo ilikuwapo tayari? Je, wakala wa mtaani anayeishi kwa kamisheni atapoteza kiasi gani watu wakirudi kubeba noti mifukoni? Je, miaka mingi ya kuwahimiza wananchi waingie katika mfumo rasmi wa fedha itarudishwa nyuma kwa kiasi gani? Haya ni maswali ambayo mtu yeyote mwenye simu angeweza kuyauliza, na mengi yaliulizwa na watu wa kawaida katika wiki ya kwanza ya makato. Yangeulizwa Mei, yakajibiwa kwa maandishi kabla ya bajeti kusomwa, viwango vilivyofikiwa baada ya miezi 15 ya malalamiko vingeweza kuwa ndivyo viwango vya kuanzia. Kosa liligundulika, tena upesi, lakini mpimaji wa kosa hilo alikuwa mwananchi, na alilipima kwa pesa yake.

Kikokotoo cha pensheni kina somo la pili, gumu zaidi kwa sababu limejificha. Mwanzoni mwa 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kuunganisha mifuko ya hifadhi ya jamii ya watumishi wa umma, na mfuko mmoja, PSSSF, ukazaliwa. Hoja ya kuunganisha ilikuwa na mantiki: mifuko ilikuwa mingi, gharama za uendeshaji ziliongezeka, na baadhi ilikuwa imeelemewa na madai. Lakini jambo lililomhusu mtumishi anayekaribia kustaafu kuliko yote, yaani fomula ya kukokotoa mafao yake, halikuwa ndani ya sheria. Liliachwa kwa kanuni ambazo waziri angezitunga baadaye. Kanuni zilipotoka, waliozoea kutarajia nusu ya mafao yao kwa mkupuo walikuta wamepangiwa robo. Walimu, wauguzi na askari waliokuwa wameshapiga hesabu ya kumalizia nyumba au kulipa madeni wakajikuta na hesabu nyingine kabisa. Desemba 2018 Rais John Magufuli alisitisha kikokotoo hicho na kurudisha cha zamani kwa kipindi cha mpito. Mwaka 2022 ikaja asilimia 33. Katika bajeti ya 2024/25 ikapandishwa hadi 40 kwa kundi lililokuwa likipata nusu, na 35 kwa lile lililokuwa likipata robo. Miaka sita, viwango vitatu, na kila badiliko lilikuja baada ya watumishi kulia, si baada ya Bunge kuuliza.

Hapa ndipo ilipo tabia moja ya utungaji sheria ambayo mwananchi wa kawaida haioni. Muswada unaweza kuwa mzuri ukiusoma kifungu kwa kifungu, huku uzito wake wote umo katika maneno machache yanayosema kwamba waziri anaweza kutunga kanuni. Bunge linayo Kamati ya Sheria Ndogo, na kazi yake ni muhimu, lakini kamati hiyo huzipitia kanuni zikiwa zimeshatangazwa katika Gazeti la Serikali. Wakati huo zimeshaanza kufanya kazi. Swali ambalo lingeweza kuokoa miaka sita ya vurugu ya kikokotoo ni fupi sana: Mheshimiwa Waziri, rasimu ya kanuni utakazotunga chini ya kifungu hiki iko wapi, na mstaafu mwenye utumishi wa miaka 30 atapata shilingi ngapi kwa rasimu hiyo? Waziri aliye na rasimu angeiweka mezani. Waziri asiye nayo angelazimika kukiri kwamba anaomba Bunge lisaini karatasi ambayo haijaandikwa, na wabunge wangejua wanachokifanya.

Somo la tatu linahusu takwimu. Septemba 2018 Bunge lilipitisha marekebisho ya Sheria ya Takwimu yaliyofanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopotosha au kukanusha zile rasmi. Watafiti, vyuo vikuu na asasi za kiraia wakashtuka, kwa kuwa kazi ya utafiti mara nyingi huanzia pale mtu anapohoji namba iliyopo. Benki ya Dunia ikatoa tamko la wazi la wasiwasi. Juni 2019, miezi tisa tu baadaye, Serikali ikarudi bungeni kubadili vifungu hivyohivyo. Ni jambo la kushukuru kwamba ilirudi. Lakini jiulize kilichojulikana Juni 2019 ambacho hakikuweza kujulikana Septemba 2018. Watafiti walikuwapo, vyuo vilikuwapo, na washirika wanaotoa fedha kwa ajili ya ukusanyaji wa takwimu zetu walikuwapo. Kilichokosekana ni mtu mwenye mamlaka ya kumtaka waziri ataje, kabla ya kura, nani ameshauriwa na nani amepinga. Na hata marekebisho ya kurudisha nyuma yaliingia ndani ya muswada wa marekebisho ya sheria mbalimbali ulioletwa kwa hati ya dharura, ukiwa umebeba pia mabadiliko ya sheria za asasi zisizo za kiserikali, kampuni na filamu. Kosa la haraka lilisahihishwa kwa haraka nyingine.

Mifano hii mitatu ingekuwa ya kukatisha tamaa kama isingekuwapo wa nne unaoelekea upande mwingine. Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022. Ulibeba ahadi kubwa, pengine kubwa kuliko yoyote ya kijamii tangu elimu bila ada. Ungeweza kupita kwa vifijo. Badala yake ulikutana na maswali. Kwenye kamati na nje ya ukumbi, kila mtu aliuliza jambo lile lile kwa maneno yake: asiye na uwezo atalipiwa na nani, na fedha hizo zitatoka wapi mwaka hadi mwaka? Jibu la kuridhisha halikuwapo, na muswada ukasogezwa mbele zaidi ya mara moja. Serikali ikarudi mezani. Ulipopitishwa Novemba 2023 ulikuwa na mfuko maalumu kwa ajili ya wasio na uwezo, na vyanzo vya kuujaza vimetajwa ndani ya sheria yenyewe, vikiwamo ushuru wa vinywaji, vipodozi na michezo ya kubahatisha. Bado kuna kazi kubwa ya utekelezaji, na sheria hiyo itapimwa hospitalini, si bungeni. Lakini tazama tofauti. Mwaka mmoja wa maswali uliipa sheria msingi ambao haikuwa nao. Na waliouliza hawakuwa wapinzani waliotaka kuiangusha Serikali. Bunge hilo lilikuwa na wabunge wa chama tawala karibu kote. Ni wabunge wa Serikali hiyo hiyo, wakifanya kazi ambayo Katiba imewapa.

Mfano huo unajibu pingamizi la kwanza na lenye nguvu kuliko yote, lile la kusema kwamba maswali hayana maana katika Bunge lenye chama kimoja kikubwa, kwa kuwa kura inajulikana tangu mwanzo. Kura inaweza kujulikana, lakini muswada hubadilika kabla ya kufika kwenye kura. Waziri anayejua kwamba ataulizwa chanzo cha fedha huenda kuwauliza wataalamu wake kwanza. Mwandishi wa sheria anayejua kwamba rasimu ya kanuni itadaiwa huiandika. Faida kubwa ya swali hupatikana ofisini, wiki kadhaa kabla mbunge hajafungua kinywa, kwa sababu anayetarajia kuulizwa hujiandaa. Tena kadiri upinzani unavyopungua ukumbini, ndivyo wajibu wa wabunge wa chama tawala unavyoongezeka. Chama kinachoiacha Serikali yake ipitishe sheria mbovu ndicho kitakachokwenda kuitetea kwa wapiga kura. Mbunge aliyeuliza swali gumu Mei anakisaidia chama chake kuliko aliyepiga makofi Juni na kutafutwa na wananchi Julai.

Pingamizi la pili ni la wakati. Husemwa kwamba nchi ina mambo ya haraka, na Serikali ikisubiri kila swali lijibiwe haitafanya kazi. Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana Kanuni za Bunge zimeweka hati ya dharura inayosainiwa na Rais. Likizuka janga, hakuna mwenye akili atakayedai wiki sita za mjadala. Lakini tumeitumia hati hiyo kwa mambo ya aina gani? Julai 2015 miswada mitatu ya mafuta, gesi na uwazi katika sekta ya uziduaji, iliyohusu utajiri wa vizazi vijavyo, ilipitishwa kwa dharura miezi michache kabla ya Uchaguzi Mkuu, katika mkutano ambao baadhi ya wabunge wa upinzani walitolewa na kusimamishwa kwa kudai muda wa kuisoma. Gesi hiyo ilikuwa chini ya bahari kwa mamilioni ya miaka, na isingekwenda popote kwa miezi mitatu. Mwanzoni mwa Julai 2017, baada ya ripoti za kamati zilizochunguza makinikia, yaani mchanga wenye madini, sheria nzito za rasilimali za nchi zilipitishwa na kusainiwa ndani ya siku chache. Nakiri kwamba katika mfano huu wa pili hasira ya umma ilikuwa ya haki, na hisa za Serikali zisizopungua asilimia 16 katika migodi mikubwa ni matokeo yanayoonekana hadi leo. Haraka haileti hasara kila mara. Hata hivyo sheria ya kudumu inaandikwa kwa miaka 30, na wiki tatu za maswali zisingeipunguzia nguvu. Zingeipa nguvu zaidi, kwa kuwa kila kifungu kingekuwa kimeshatetewa mbele ya watu.

Tena anayehesabu muda aufanyie hesabu kamili. Tozo ilipita upesi, kisha ikachukua miezi 15 kurekebishwa. Kikokotoo kilichukua miaka sita. Sheria ya Takwimu ilifika bungeni mara mbili ndani ya mwaka mmoja, ikatumia muda wa waandishi wa sheria, wa kamati na wa Bunge mara mbili. Bima ya afya ilichelewa mwaka mmoja na kuokoa marekebisho ambayo hatutajua idadi yake. Ukiweka yote kwenye mizani, njia iliyoonekana ndefu ndiyo iliyokuwa fupi. Kitambaa kikishakatwa vibaya, fundi hapati muda aliouokoa kwa kutopima. Anapoteza muda, kitambaa na mteja.

Pingamizi la tatu hutolewa na watu wa hazina, na linastahili heshima. Mambo ya kodi, wanasema, hayatangazwi mapema, kwa kuwa wafanyabiashara wataficha bidhaa au kuingiza shehena kabla ya kiwango kipya. Ni kweli kwa viwango vya ushuru wa forodha au bei ya mafuta. Si kweli kwa kodi mpya kabisa inayowagusa watu mamilioni katika shughuli yao ya kila siku. Hakuna mtu angeweza kutuma leo pesa ya ada ya mwakani ili kukwepa tozo ya miamala. Siri inafaa pale tu ambapo kujulikana mapema kunaharibu lengo, na waziri anaweza kutakiwa aeleze kwa kila pendekezo kama siri hiyo inahitajika kweli. Tena jirani zetu wametuonyesha mwisho wa njia ya kukwepa maswali. Juni 2024 Wakenya walikuwa na maswali kuhusu Muswada wa Fedha: kodi ya ongezeko la thamani kwenye mkate, kodi ya asilimia 2.5 ya magari na mengineyo. Maoni yalikusanywa kama Katiba yao inavyotaka, na baadhi ya vifungu viliondolewa, lakini wengi waliamini kwamba hawakusikilizwa. Tarehe 25 Juni muswada ulipita kwa kura 195 dhidi ya 106. Siku hiyo hiyo waandamanaji waliingia ndani ya majengo ya Bunge, damu ikamwagika jijini Nairobi, na kesho yake Rais William Ruto akatangaza kutousaini. Majibu yanayokosekana ukumbini hutafutwa barabarani, na huko bei yake ni roho za watu.

Wapo watakaosema kwamba kazi hii tayari inafanywa na kamati za kudumu, na kwamba kila muswada una maelezo ya madhumuni na sababu mwishoni. Kamati zinafanya kazi nzuri, bima ya afya ni ushahidi. Lakini kamati hupokea muswada ukiwa umeshachapishwa na Serikali imeshautolea ahadi, na kuurudisha nyuma huonekana kama kushindwa. Maoni ya wadau husikilizwa kwa siku moja au mbili, wengi wao wakiwa ni wale wenye ofisi Dodoma au Dar es Salaam na nauli ya kufika. Maelezo ya madhumuni nayo hueleza kila sehemu ya sheria inahusu nini. Hayasemi shilingi ngapi, wala nani alipinga, wala kanuni zitasemaje. Na majibu yanayotolewa ndani ya kamati hayamfikii mwananchi kama yanavyomfikia majibu ya ukumbini, yanayorushwa hewani na kuandikwa katika Taarifa Rasmi ya Bunge. Ahadi ya waziri iliyorekodiwa mbele ya Spika ina uzito ambao ahadi ya chumba cha kamati haina. Inaweza kusomwa tena miaka mitano baadaye, na yeye mwenyewe akasikia.

Ninachopendekeza hakihitaji kugusa Katiba. Ibara ya 89 inaliruhusu Bunge kujitungia Kanuni za Kudumu, na mabadiliko yote haya yanaweza kuingia humo. Kwanza, mwanzoni mwa kila mwaka wa fedha Serikali iwasilishe orodha ya miswada inayokusudia kuileta, kila mmoja ukiwa na aya chache kuhusu tatizo linalotaka kutatuliwa. Orodha isiwafunge mikono, wanaweza kuongeza na kupunguza, lakini iwepo. Pili, siku moja katika wiki sehemu ya muda wa maswali iwe kwa ajili ya miswada iliyo katika orodha hiyo tu, kama vile Alhamisi ilivyotengewa maswali ya papo kwa papo kwa Waziri Mkuu. Utaratibu huo wa Alhamisi nao haukuwapo tangu uhuru. Uliwekwa kwa kubadili kanuni, nao ukazoeleka.

Tatu, na hili ndilo kiini, muswada usisomwe mara ya pili mpaka waziri mhusika ameweka mezani majibu manne yenye sahihi yake: gharama na atakayeibeba, rasimu ya kanuni zitakazotungwa, orodha ya walioshauriwa pamoja na hoja za waliopinga, na sababu ya kutosubiri. Hili si jambo la ajabu duniani. Uganda, kwa sheria yake ya usimamizi wa fedha za umma ya 2015, inataka kila muswada uje na cheti cha athari za kifedha. Uingereza, tangu sheria yao ya haki za binadamu ya 1998, inamtaka waziri atamke kwa maandishi kabla ya muswada kusomwa mara ya pili kama unaendana na haki hizo au hauendani. Sahihi hubadili mambo. Mtu huisoma tena karatasi anayojua itakuwa na jina lake. Na pale hati ya dharura inapotumika, majibu hayo manne yaletwe ndani ya mwaka mmoja, na Bunge liitazame upya sheria hiyo, ili dharura iwe mkopo unaolipwa na si njia ya kudumu.

Kuna jambo moja ambalo limerahisisha kazi hii kuliko wakati wowote. Kwa miaka mingi wabunge wetu walijadili kwa Kiswahili miswada iliyoandikwa kwa Kiingereza, na aliyeuliza swali la kifungu alianza kwa kukitafsiri. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria zetu. Mkulima wa Masasi, mvuvi wa Ukerewe na mwalimu wa Kasulu wanaweza sasa kusoma kile wanachoandikiwa. Wanaweza kumpigia simu mbunge wao na kumwambia: kifungu cha 14 kinasema hivi, mwulize waziri maana yake. Lakini kusoma muswada kuna faida gani kama ukumbi hauna saa ya kulipokea swali lao?

Ndiyo maana siwaombi wabunge waache kuuliza kuhusu barabara na zahanati. Barabara isiyojengwa mwaka huu inaweza kujengwa mwakani, na swali la lini lina haki yake. Sheria ikishaanza kutumika humgusa kila mtu, aliyeisikia na asiyeisikia, na mstaafu aliyekokotolewa kwa kanuni mbovu hapati tena miaka yake. Bajeti ijayo itakuja na Muswada wa Fedha, na nyuma yake itafuata miswada mingine. Mbunge mmoja tu, wa chama chochote, anaweza kuanza bila kusubiri kanuni kubadilishwa: atoe taarifa ya swali sasa hivi, amtaje waziri, autaje muswada unaoandaliwa, aulize mambo manne. Akijibiwa, tutakuwa tumejifunza kitu mapema. Asipojibiwa, hilo nalo litaandikwa katika Taarifa Rasmi, na siku ya kura kila mwenzake ukumbini atakuwa anajua alichokikosa.